Ruga-ruga wa Milimita 28

Ruga-ruga, wapiganaji wa mtemi Mirambo wa Unyamwezi, wananunulika Uingereza. Wamesubiwa kwa bati, wanauzwa wachache wachache kwenye pakiti, na kimo chao ni milimita 28, ama hadi machoni ama hadi utosini. Watengenezaji wenyewe hawajapatana. Mmoja ameshika gumegume, mwingine mkuki, mwingine amefunga kitambaa kichwani na kuchomeka manyoya. Aliyewachonga ni Mark Copplestone, kwa ajili ya kampuni ya Foundry, na Chris Peers ndiye aliyeandika kanuni za kuwapiganisha mezani, katika kitabu alichokiita Death in the Dark Continent. Jina hilo linanuka Ulaya ya zamani, iliyodhani bara letu halikuwa na lolote kabla ya kufika kwake. Lakini Peers amesoma. Wanyamwezi, Wahehe, Wangoni na Waarabu wa Unyanyembe, kila mmoja ana jeshi lake na namna yake ya kupigana.

Swali langu ni la ufundi zaidi kuliko la siasa. Jeshi la Mirambo la miaka ya 1870 linaweza kujengwa na kupakwa rangi kwa mtindo wa kikale wa mchezo huu? Na kama haliwezi, tuazime kanuni wapi?

Mtindo wa kikale una ukoo wake. Mwaka 1824 afisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, aliwaonyesha wakubwa wake mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani, vikosi vikiwa ni vipande vyekundu na vya buluu visivyo na uso wala mikono. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ikaanza kusubu askari wa risasi walio wazi ndani, wepesi na wa bei nafuu. H. G. Wells akawapanga sakafuni, akawapiga kwa mizinga ya kuchezea, na mwaka 1913 akatoa kitabu, Little Wars. Kisha wakaja Peter Young na J. P. Lawford mwaka 1967, na Charles Grant mwaka 1971, ambao ndio wanaotajwa hasa mtu anaposema "kikale": vikosi vikubwa, safu zilizonyooka, rangi isiyo na makeke na vanishi inayong'aa. Kikosi cha Grant cha askari wa miguu kina watu 48 kabla hujahesabu maofisa, na uzuri wake wote uko kwenye kufanana. Ukishajua kupaka koti moja, umejua kupaka 48.

Mirambo hakuwa na koti la kupaka. Vijana wake walivaa kile ambacho njia ya misafara ilikileta, na njia hiyo, kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Tabora na kuendelea hadi Ujiji, ilileta vitambaa kuliko kitu kingine chochote. Palikuwa na merikani, pamba nzito isiyotiwa rangi, iliyopata jina lake kwa sababu ilitoka kwenye viwanda vya Marekani kwa meli za Salem. Ilipoadimika wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, Uingereza na Bombay wakaziba pengo. Palikuwa na kaniki. Palikuwa na nguo nyekundu ya bendera, iliyopendwa sana na ruga-ruga, na wasafiri waliokutana nao hawakuacha kuitaja pamoja na manyoya na bangili za pembe. Kwa hiyo mpaka rangi wa jeshi hili anapaka, kusema kweli, daftari la mfanyabiashara.

Chukua sanamu moja. Ngozi ndiyo kazi kubwa, maana mwili mwingi uko wazi, na hapo ndipo wengi wanaharibu: chupa moja ya kahawia kwa kikosi kizima. Jeshi lililokusanya watu kutoka Unyamwezi, Ukimbu, Uvinza na hata ng'ambo ya Tanganyika halina rangi moja ya ngozi. Anza na kahawia iliyokolea, halafu panda taratibu mabegani na kwenye mifupa ya mashavu, huyu kwa wekundu kidogo, yule kwa umanjano. Shuka ya merikani usiipake nyeupe ya kwenye chupa. Ichanganye na rangi ya mchanga, mimina kahawia nyepesi sana kwenye mikunjo, ikikauka rudisha mwanga kwenye matuta tu, na pindo la chini lichafue kwa vumbi jekundu. Kaniki ni nili iliyotiwa weusi. Buluu ionekane ukingoni, unene wa unywele, isizidi. Masango ya mkononi weka kahawia kwanza, shaba juu yake, la sivyo yatang'aa kama ya dukani. Ukimaliza huyo bado hujaanza wa pili, kwa sababu wa pili amevaa kitu kingine.

Mwenyewe Mirambo ndiye atakayewachanganya zaidi wapenda manyoya. Msafiri Stanley alipokutana naye Aprili 1876 na kuchanjiana naye damu, alitarajia jambazi wa kutisha. Akakuta mtu mrefu, mtulivu, mwenye sauti ya chini, aliyevaa kama Mwarabu muungwana, kilemba kichwani na shati jeupe safi. Ukiwaweka mezani Mirambo na liwali wa Tabora aliyepigana naye, mtazamaji asiyejua hatatambua nani ni nani. Mtindo wa kikale hauvumilii hilo. Kwake adui lazima atambulike kwa rangi, tangu vile vipande vyekundu na vya buluu vya Reisswitz.

Sasa tugeukie ubao wetu. Bao nalo ni mchezo wa vita, ingawa wazee wanaolicheza chini ya mwembe hawajisumbui kuliita hivyo. Mashimo 32, kete 64. Kila mmoja anaanza na kete 10 ubaoni, sita kati yake zikiwa nyumbani, na 22 mkononi za kunamua. Nyerere, aliyesoma shule ya sekondari hapa Tabora, alilipenda bao maisha yake yote. Kinachonivutia ni kwamba kete hazina rangi ya upande. Komwe ni komwe. Umiliki wake unategemea imekaa wapi tu. Na ukila kete za mwenzako huziondoi: unazichukua, unazisambaza upande wako kuanzia kichwani, yaani shimo la pembeni, na hapo hapo zinaanza kukufanyia kazi. Mchezo ukiisha, zote 64 bado zipo. Aliyeshindwa ni yule ambaye mstari wake wa mbele umebaki mtupu, au hana tena mwendo.

Kwa Wells na Grant aliyepigwa anatolewa mezani, anarudishwa sandukuni. Hilo linafaa kwa vita vya Ulaya ya karne ya 18. Unyamwezi mambo yalikwenda kibao. Ruga-ruga walipatikana kwa kula: mateka, watumwa waliotoroka, wapagazi walioacha mizigo yao njiani, vijana wasio na ng'ombe wa mahari. Simulizi zinasema Mirambo mwenyewe alitekwa na Wangoni akiwa kijana, akajifunza vita mikononi mwao. Nyungu ya Mawe, kule Ukimbu, alikusanya watu wake kwa njia hiyo hiyo. Kutokuwa na sare hakukuwa upungufu wa jeshi kama hilo. Ndiko kulikoliwezesha kukua: mtu wa jana wa adui anaingia leo, na hakuna koti la kumvua.

Vita vya mwaka 1871 vinaonyesha hivyo vizuri. Agosti ile Waarabu wa Tabora, Stanley akiwa pamoja nao, walikwenda kumpiga Mirambo. Saud bin Said akaongoza mia tano hivi hadi Wilyankuru, wakaiteka, wakajaza mizigo ya pembe na nguo na mateka. Mirambo alikwishatoka. Aliwangoja kwenye majani marefu njiani, wakati wa kurudi, mikono yao ikiwa imejaa. Saud aliuawa na ngawira ikarudi ilikotoka. Baadaye mwezi huo huo Mirambo akaingia Tabora yenyewe, akachoma sehemu yake, Mwarabu Khamis bin Abdallah akafa, na Stanley akajichimbia kwenye tembe ya Kwihara, mahali palipo na makumbusho leo. Sasa fikiria kucheza vita hivyo kwa kanuni za Grant: wale waliovamiwa unawarudisha sandukuni na hadithi imekwisha. Kwa kanuni ya bao, mateka wa Wilyankuru wanahama upande mara mbili katika siku moja, na nguo zinahama pamoja nao. Kwa maoni yangu bao ndilo linalosema ukweli zaidi hapa, ingawa halijui sura ya mtu hata mmoja.

Na sare je, hatukuipenda? Tuliipenda mno. Beni, ngoma iliyoanzia pwani mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea bara pamoja na askari na reli, ilichukua gwaride, tarumbeta na vyeo vya Mzungu ikavivika miili ya watu. Makundi yake, Arinoti na Marini, yalikuwa na majenerali wao na wafalme wao, yakashindana kwa mavazi. Wells alimfanya askari awe mdogo ili amtawale; watu wa beni walimfanya askari awe wao wenyewe, na gharama ya mavazi ikamla mtu kweli kweli.

Sare yenyewe ilifika Tabora kwa bunduki. Januari 1893 boma la mtemi Isike liliangushwa na Wajerumani chini ya Tom von Prince, na Isike akajilipua kwa baruti yake kuliko kukamatwa. Tangu hapo mpaka Wabelgiji walipoingia Tabora, 19 Septemba 1916, kopo moja la rangi ya khaki linatosha, na anayependa mtindo wa kikale atapata raha yake yote. Hata hivyo kando ya askari wa Kijerumani bado walikuwapo wasaidizi walioitwa ruga-ruga, na hao khaki haikuwatosha wote.

Lawama yangu kwa meza za Ulaya ni moja. Mpagazi anahesabiwa kama mzigo: anawekwa nyuma, hapewi alama, hapigani. Wakati Mnyamwezi aliyebeba frasila mbili hadi Bagamoyo baada ya mavuno alikuwa mkulima mvua zikinyesha, na mwaka mwingine huenda alikuwa ruga-ruga. Tena aliyependeza kuliko wote msafarani hakuwa askari bali kirangozi, kwa shuka yake nyekundu, ngozi ya mbega na manyoya kichwani, akitangulia na bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar. Wanawake waliotembea na misafara, wakipika na kubeba, ni nadra kuwaona kwenye pakiti.

Basi ukitaka kulijenga jeshi hili, anza na kirangozi na wapagazi thelathini, kisha ruga-ruga ishirini wasiofanana. Vanishi ya kung'aa iache. Andika kanuni moja tu ya nyongeza: anayetekwa anabaki mezani, na zamu inayofuata anasogezwa na aliyemteka. Mirambo mpake mwisho, kwa shati jeupe.