Ukoko wa Risasi Mtutuni: Ubora wa Bastola za Tendo Moja Kama Zilivyotoka Kiwandani, 1847–1993

1.0 Utangulizi

Historia ya viwanda vya Marekani katika karne ya 19 imeandikwa kwa sehemu kubwa kama historia ya vipuri vinavyobadilishana. Kwa mujibu wa mtazamo huo, mashine zilizokereza kila kipuri kwa kipimo kimoja zilimwondolea fundi kazi ya kusugua kwa tupa, na papo hapo zikamwondolea mnunuzi haja ya kumtafuta fundi. Kiwanda cha Colt kilichofunguliwa Hartford, Connecticut, mwaka 1855, ambacho mitambo yake ilisimamiwa na Elisha K. Root, hutajwa mara nyingi kuwa kielelezo cha mfumo huo. Tayari wanahistoria wa teknolojia wameonesha kwamba ndani ya kiwanda chenyewe tupa haikutoweka. Bastola za Colt ziliendelea kulinganishwa kwa mkono kabla ya kufungwa. Swali ambalo halijapewa uzito unaostahili ni lile linalofuata: je, kazi hiyo ya kulinganisha ilikamilika bastola ilipovuka lango la kiwanda, au ilihamia mezani kwa mnunuzi?

Insha hii inajibu swali hilo kwa kutumia ushahidi mmoja mdogo, yaani mabaki ya metali ya risasi yanayoganda ndani ya mtutu. Mabaki hayo tutayaita ukoko, kwa kuwa hushika chuma kama ukoko wa wali unavyoshika chungu, na huondolewa kwa taabu ileile. Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa metali na kwa kitu kinachorushwa. Ili kuepusha utata, humu neno hilo likisimama peke yake litamaanisha kitu kinachorushwa. Bastola ya tendo moja, nayo, ni ile ya silinda ambayo kifyatuo chake hufanya kazi moja tu, kuachia nyundo. Mpigaji huivuta nyundo nyuma kwa kidole gumba, na mvuto huo ndio unaozungusha silinda na kuleta chemba mpya mbele ya mtutu.

Hoja kuu ni kwamba ubora wa bastola hizi haukuwa sifa ya chuma peke yake. Ulikuwa makubaliano kati ya chuma na risasi, na historia ya ukoko ni historia ya kufanywa, kuvunjwa na kufanywa upya kwa makubaliano hayo.

2.0 Chimbuko la Ukoko

Katika bunduki ya kawaida, chemba na mtutu ni kipande kimoja. Katika bastola ya silinda, risasi huanzia safari yake ndani ya silinda, hupita kwenye mdomo wa chemba, huruka mwanya mwembamba, kisha huingia mtutuni. Kwa hiyo vipenyo vitatu hukutana: cha risasi yenyewe, cha mdomo wa chemba, na cha mtutu unapopimwa kwenye vina vya mifuo yake. Kanuni ni nyepesi kueleza. Risasi isiwe nyembamba kuliko mdomo wa chemba, na mdomo wa chemba usiwe mwembamba kuliko mtutu.

Kanuni hii ikivunjwa, hata kwa elfu mbili za inchi, matokeo huonekana. Mdomo uliobana huiminya risasi, nayo hufika mtutuni ikiwa nyembamba. Gesi ya baruti, ikiwa na joto kali, hupenya ubavuni mwake, huila metali na kuitandaza juu ya chuma. Kila risasi inayofuata hupita juu ya tandiko la iliyotangulia, na shabaha huharibika. Kosa la pili hutokea mtutu unapokazwa kwa nguvu mno kwenye fremu. Sehemu iliyo chini ya hesi hubanwa kidogo kwa ndani, ikaminya risasi iliyokuwa na kipenyo sahihi. La tatu ni alama za kekee zilizoachwa ukutani mwa mtutu, ambazo hukwangua risasi kama tupa.

Mahali ukoko unapoganda hudokeza chanzo chake. Ukiwa mwanzoni mwa mtutu, mara nyingi kosa ni la vipenyo, na ukiwa karibu na mdomo wa mtutu, mara nyingi mafuta ya risasi yamekwisha kabla ya safari kwisha. Jambo muhimu kwa mwanahistoria ni kuwa hakuna hata kimoja kati ya vyanzo hivi kinachoonekana dukani. Mnunuzi aliona rangi ya chuma, akasikia mlio wa nyundo, akatikisa silinda kuona kama inacheza. Vipenyo vilivyoamua tabia ya bastola vilifichwa ndani.

3.0 Bastola Iliyojipimia Risasi Yake

Samuel Colt alipata hataza yake ya Marekani mwaka 1836, lakini kampuni yake ya kwanza huko Paterson, New Jersey, ilifungwa mwaka 1842. Alirudi sokoni mwaka 1847 kwa bastola ya Walker, iliyotengenezwa kwa niaba yake katika kiwanda cha Eli Whitney mdogo. Bastola hii na zilizoifuata zilijazwa kutoka mbele. Baruti ilimiminwa chembani, na gololi ya metali laini ikashindiliwa juu yake kwa wenzo uliofungwa chini ya mtutu.

Gololi ilikuwa nene kidogo kuliko chemba kwa makusudi. Iliposhindiliwa, ukingo wa chemba uliinyoa na kuacha pete nyembamba ya metali. Tendo hilo, ambalo kwa mpigaji lilikuwa sehemu tu ya kujaza, kwa hakika lilikuwa kipimo, kwani kila chemba ilijikatia risasi inayoitosha. Hata pale chemba ilipokuwa nyembamba kuliko mtutu, metali laini ilivimba kwa msukumo wa baruti nyeusi na kujaza mifuo. Shahamu iliyopakwa mbele ya gololi ililainisha njia. Ni kweli kwamba bastola hizi zilichafuka upesi, ila uchafu mkubwa ulikuwa masizi ya baruti, ambayo maji ya moto yaliyatoa. Kutolingana kwa vipimo kiwandani kulisamehewa na ulaini wa metali.

4.0 Mkataba wa Mwaka 1873

Hataza ya Rollin White juu ya silinda iliyotobolewa kutoka mwanzo hadi mwisho, ambayo ilikuwa mikononi mwa Smith & Wesson, ilikwisha mwaka 1869. Colt aliyeanzisha kampuni alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1862, lakini kampuni yake sasa ilikuwa huru kutengeneza bastola ya katriji za chuma. Matokeo yake ni Single Action Army, iliyokubaliwa na Jeshi la Marekani mwaka 1873. Oda ya kwanza ilikuwa ya bastola 8,000, na hadi serikali ilipoacha kununua mwaka 1891, ilikuwa imechukua takriban 37,000.

Katriji ilibadili uhusiano wa risasi na chemba. Risasi sasa ilifika ikiwa imekwisha kupimwa na mtu mwingine, na chemba haikuwa na nafasi ya kuinyoa. Makubaliano ambayo zamani yalifanyika ndani ya silinda yalipaswa kufanyika kati ya kiwanda cha silaha na kiwanda cha risasi. Kwa jeshi hili liliwezekana, kwa sababu mamlaka ilikuwa moja. Wakaguzi wa serikali, kama vile Orville W. Ainsworth, ambaye herufi O.W.A. zinaonekana kwenye bastola za mwanzo, walikagua vipuri na kuvipiga chapa huko Hartford. Risasi zilitoka Frankford Arsenal, karakana ya serikali hiyohiyo huko Philadelphia. Jeshi lilipoanza kutumia pia bastola ya Schofield, ambayo silinda yake ilikuwa fupi, Frankford ilitengeneza katriji fupi iliyoingia katika silaha zote mbili.

Raia hakuwa na mkaguzi wala karakana ya serikali. Kuanzia mwaka 1878 Colt iliuza bastola yake kwa katriji ya .44-40 ya Winchester, ili mtu mmoja atumie risasi moja kwa bunduki na bastola. Urahisi huo ulikuwa na gharama, kwani sasa pande tatu zilipaswa kukubaliana, na hakuna aliyezilazimisha. Mnunuzi aliyekuwa na kalibu ya kusubia risasi nyumbani ndiye aliyebaki kuwa msuluhishi.

5.0 Baruti Isiyo na Moshi na Dawa Isiyotibu

Mwaka 1900 Colt ilianza kuidhamini Single Action Army kwa baruti isiyo na moshi. Mgandamizo na mwendo wa risasi vilipanda, na metali laini ikafika kikomo chake. Hali ilidhihirika zaidi mwaka 1935 Smith & Wesson ilipoleta katriji ya .357 Magnum. Mgandamizo wake wa juu unaokubalika leo ni pauni 35,000 kwa inchi ya mraba, ukilinganishwa na 14,000 wa .45 Colt. Katriji za kwanza za kiwandani, zilizokuwa na risasi laini, zilijulikana kwa kuacha ukoko mwingi.

Wapigaji walitafuta tiba kwa njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kuongeza bati na antimoni ili risasi iwe ngumu, njia iliyoenezwa na waandishi kama Elmer Keith. Ya pili ilikuwa kikombe kidogo cha shaba kilichovalishwa kitako cha risasi ili kuzuia gesi, kilichouzwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20 na kampuni ya Ideal. Ya tatu ilikuwa mafuta bora, yaliyochanganywa na nta ya nyuki.

Njia ya kwanza inahitaji kuangaliwa kwa makini, maana inaonesha jinsi chanzo kilivyofichika. Ugumu husaidia risasi iliyo na kipenyo sahihi. Risasi nyembamba ikifanywa ngumu hunyimwa uwezo wake pekee wa kujiokoa, yaani kuvimba na kuziba njia ya gesi. Hivyo mpigaji aliyeona ukoko, akaongeza antimoni, aliweza kupata ukoko zaidi, na akaongeza antimoni tena. Lawama iliangukia metali wakati kosa lilikuwa la vipenyo.

6.0 Ruger na Kurudi kwa Risasi ya Kale

Colt ilisimamisha Single Action Army karibu na mwaka 1940, baada ya kutengeneza zaidi ya 357,000, ikairejesha mwaka 1956. Kipenyo cha mtutu wa .45, kilichokuwa karibu inchi 0.454 kabla ya vita, sasa kilikuwa 0.451. Badiliko hilo lilikuwa na mantiki yake, lakini lilifanya kalibu za zamani na midomo mipana ya chemba zisipatane na mtutu mpya.

Wakati huo mshindani alikuwa amejitokeza. William B. Ruger na Alexander Sturm walianzisha kampuni yao huko Southport, Connecticut, mwaka 1949. Single-Six ilitoka mwaka 1953 na Blackhawk mwaka 1955. Springi bapa zilizokatika upesi ziliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na springi za kuviringwa, na fremu zilisubiwa kwa kalibu ya nta badala ya kuchongwa kutoka kipande kizima. Kwa uimara na bei, Blackhawk ilikuwa hatua kubwa mbele.

Hata hivyo, Blackhawk za .45 Colt, zilizoanza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, zilijulikana kwa midomo ya chemba iliyobana, mingi ikiwa kati ya inchi 0.449 na 0.450, mbele ya mtutu wa 0.451 au zaidi. Sababu mojawapo inaeleweka kwa hesabu ya karakana. Kekee ya kupanulia hupungua kipenyo kila inaponolewa, na kiwanda kinachotaka kuitumia muda mrefu huruhusu chemba za mwisho ziwe nyembamba kuliko za kwanza. Kwa risasi zilizovikwa shaba, kasoro hiyo haikuonekana, kwa kuwa shaba haiachi ukoko wa aina hii. Bastola ilipita ukaguzi wa kiwanda kwa haki kabisa, ila ukaguzi ulidhania risasi ambayo wanunuzi wengi wa .45 hawakuitumia.

Mashindano ya mtindo wa Magharibi ya kale, ambayo yalipata chama chake, Single Action Shooting Society, mwaka 1987, yaliweka hali hii wazi. Kanuni zake zilitaka risasi za metali tupu. Ruger ilileta Vaquero mwaka 1993 kwa ajili ya soko hilo, na mafundi bunduki wakapata kazi ya kudumu: kupanua midomo ya chemba hadi inchi 0.452 na kulainisha mitutu iliyobanwa kwenye hesi.

7.0 Mjadala na Hitimisho

Inaweza kupingwa kwamba ushahidi huu ni wa uzembe tu, na kwamba kiwanda makini kingeumaliza. Pingamizi hili lina ukweli kuhusu mitutu yenye makwaruzo na chemba zisizolingana ndani ya silinda moja. Halitoshi kwa mengine. Mtutu wa 0.451 si kazi mbaya, wala risasi ya 0.454 si kazi mbaya. Kila kimoja ni sahihi kwa kipimo chake, na hukosana vinapokutana. Vipuri viliweza kubadilishana kikamilifu huku bastola nzima ikishindwa kupatana na risasi yake.

Kwa hiyo, inapaswa kutofautishwa kati ya ulinganifu wa vipuri, ambao kiwanda kiliupima, na upatano wa matumizi, ambao haukuwa na mpimaji. Mwaka 1847 upatano ulifanywa na ukingo wa chemba, mwaka 1873 ulifanywa na serikali kwa askari wake, na baada ya hapo uliachwa kwa mnunuzi mwenye kalibu, nta na fundi wa jirani. Kauli kwamba uzalishaji wa viwandani ulimaliza haja ya ufundi wa mkono haithibitiki katika kisa hiki. Ufundi haukumalizwa, bali ulitolewa nje ya lango la kiwanda na gharama yake ikaondolewa kwenye bei iliyoandikwa. Atakayetaka kuandika historia kamili ya bidhaa hizi hatapata maelezo ya kutosha katika vitabu vya hesabu vya kiwanda. Itambidi aingie pia katika banda la mnunuzi, alipokuwa akisugua mtutu wa bastola mpya.