Kubadili orodha papo hapo na kuunda orodha mpya

Kuna njia mbili za kushughulikia orodha katika programu. Katika ya kwanza, orodha ileile iliyo kwenye kumbukumbu ya kompyuta hubadilishwa. Katika ya pili, orodha ya awali hubaki ilivyo na mpya hutolewa.

Tuchukue bidhaa za soko la Soweto, jijini Mbeya: mazao = ["viazi", "mchele", "maharage"]. Katika Python, lugha ya Guido van Rossum iliyotolewa mwaka 1991, mazao.sort() huipanga orodha hiyohiyo kialfabeti ili ianze na maharage, lakini hurudisha None tu, yaani hakuna thamani. Hapo ndipo wanaoanza huumia: anayeandika mazao = mazao.sort() hupoteza orodha nzima, na programu haimwonyi. Funksheni ya sorted, iliyoongezwa katika toleo la 2.4 mwaka 2004, hurudisha orodha mpya iliyopangwa. Kubadili papo hapo huokoa kumbukumbu data inapokuwa nyingi. Kwa mwanafunzi, orodha mpya ni salama zaidi.

Hatari kubwa zaidi hujificha katika amri nakala = mazao. Hainakili chochote: majina yote mawili hushika orodha moja, na kinachobadilishwa kupitia jina moja huonekana kupitia lingine. Nakala halisi hupatikana kwa mazao.copy(), ingawa orodha zilizomo ndani ya orodha bado zitashirikiwa.