Majina ya Majarida na Ushahidi wa Historia: Kazi ya Wakutubi Katika Zama za Intaneti

1. Utangulizi

Yakobo alipoamka usingizini alipapa mahali pale jina la Betheli. Mwandishi wa kitabu cha Mwanzo hakuishia hapo, bali alimkumbusha msomaji wake kwamba mji huo ulikuwa na jina la zamani, yaani Luzu (Mwa. 28:19). Kwa maneno hayo machache, mtu aijuaye Luzu na mtu aijuaye Betheli wanakutana mahali pamoja. Kazi hiyohiyo ndiyo wanayoifanya wakutubi kila jarida linapobadili jina lake.

Makala haya yanakusudia kueleza historia fupi ya kazi hiyo, na kuonyesha kwa nini imekuwa ngumu zaidi tangu majarida yaanze kusomwa kwa njia ya intaneti. Jambo hili laweza kuonekana kuwa la wakutubi peke yao. Hata hivyo linagusa ukweli wa ushahidi tunaoutegemea tuandikapo historia ya Kanisa.

2. Nchi yetu na majina yake

Wakazi wa Nyanda za Juu Kusini wanajua vema kwamba majina hubadilika. Chimala, iliyo kando ya barabara kuu iunganishayo Mbeya na Iringa, haijahama. Lakini nyaraka za wakati wa Waingereza huhesabu eneo hilo ndani ya Jimbo la Nyanda za Juu Kusini. Nyaraka za baada ya Uhuru huliweka katika Mkoa wa Mbeya. Na leo liko katika Wilaya ya Mbarali. Vivyo hivyo, atafutaye habari za Tukuyu katika maandiko ya wamisionari wa Kijerumani hana budi kutafuta Neu-Langenburg. Kanisa letu nalo lina historia ya namna hiyo. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa moja la Tanganyika, na baada ya Muungano wa 1964 likachukua jina la Tanzania.

Majarida yamepita njia hiyohiyo. Jarida la Tanganyika Notes and Records lilianza mwaka 1936, na baada ya Muungano likaitwa Tanzania Notes and Records. Kamati ya Lugha ya Kiswahili, iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki, ilitoa taarifa zake kwa jina la Bulletin. Kamati ilipobadili jina, chapisho hilo likawa Journal of the East African Swahili Committee. Katika miaka ya 1960 liliitwa Swahili, na mwaka 1970 likawa Kiswahili. Kila jina katika hayo linaeleza jambo: kwanza kamati ya watawala, kisha lugha ikitajwa kwa Kiingereza, na mwisho lugha ikijitaja yenyewe.

Kuna pia hatari iliyo kinyume cha hiyo, yaani jina moja kwa machapisho mawili. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya Wajerumani ilichapisha Tanga gazeti la Kiongozi. Katika miaka ya 1950 Kanisa Katoliki lilikuwa na gazeti lake lenye jina hilohilo. Mwanafunzi asiyetazama mwaka na mchapishaji aweza kuweka maneno ya serikali ya kikoloni kinywani mwa Kanisa.

3. Kanuni za wakutubi

Zamani maktaba za Amerika Kaskazini zilikuwa na desturi ya kuweka matoleo yote ya jarida chini ya jina lake la mwisho. Kila jina lilipobadilika, kadi ziliandikwa upya. Kanuni za pamoja za mwaka 1967, zilizotungwa na wakutubi wa Marekani, Kanada na Uingereza, zilileta mtazamo mwingine: kila jina lipewe kadi yake, pamoja na miaka yake, na kadi hizo ziunganishwe kwa maneno ya kueleza jarida lililotangulia na lile lililofuata. Maktaba ya Bunge la Marekani ilianza kuufuata utaratibu huo mwaka 1971. Tangu miaka ya 1970 majarida hupewa pia namba ya kimataifa yenye tarakimu nane iitwayo ISSN, na jarida likibadili jina kwa kiasi kikubwa hupewa namba mpya.

Ni badiliko gani lililo kubwa? Hapa wanatheolojia wana mfano ulio karibu nao. Jarida la International Review of Missions lilianzishwa mwaka 1912, kufuatia mkutano wa Edinburgh wa 1910. Mwaka 1969 liliondoa herufi moja tu, ile s ya mwisho, likaitwa International Review of Mission. Kwa kanuni zilizorekebishwa mwaka 2002, badiliko la wingi kuwa umoja huhesabiwa kuwa dogo, wala halihitaji kadi mpya. Kwa mwanatheolojia, herufi hiyo ilibeba hoja nzima: kwamba utume ni mmoja, ni wa Mungu, na unayahusu mabara yote, tofauti na wazo la misheni nyingi zitokazo nchi za Magharibi kwenda kwingine. Mkutubi hakukosea, kwa kuwa kanuni yake inalenga kumfikisha msomaji kwenye jarida. Kueleza maana ya badiliko ni wajibu wa mwanahistoria, naye hataliona badiliko hilo iwapo jina la kale limefutwa.

4. Viungo vya intaneti

Wakati wa majarida ya karatasi, kosa la kadi lilisahihishwa rafuni. Msomaji alilishika toleo lenyewe, akaliona jina lililochapwa juu ya jalada. Katika intaneti mambo ni tofauti. Mara nyingi wenye tovuti hukusanya matoleo yote, ya zamani na mapya, chini ya jina la sasa. Wanayo sababu njema, kwamba msomaji aone mfululizo wote mahali pamoja. Lakini matokeo yake ni mawili.

Kwanza, kiungo hukatika. Programu inayomtoa msomaji kwenye katalogi na kumfikisha kwenye makala hutafuta kwa jina, namba ya ISSN, mwaka na ukurasa. Ikiwa marejeo yana namba ya zamani, na tovuti inaijua namba mpya tu, msomaji huambiwa kwamba makala hayapo, ingawa yamo. Pili, kiungo kikifanya kazi chaweza kufundisha uongo. Mwanafunzi huandika katika tasnifu yake kwamba makala ya mwaka 1945 yalitoka katika Tanzania Notes and Records, wakati mwaka huo hapakuwa na nchi yenye jina hilo. Mwaka 2013 shirika la viwango la Marekani, NISO, lilitoa mapendekezo yaitwayo PIE-J, likiwasihi wachapishaji waache kila toleo libaki na jina na namba lililochapwa nayo.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa vyuo vyetu. Maktaba kubwa ikikosa kiungo, ina rafu. Mwanafunzi wa chuo kidogo kati ya Mbeya na Iringa, ambako mafungu kamili ya majarida ya kale ni adimu, hutegemea kiungo peke yake. Kikikatika, sauti za waliomtangulia hazimfikii.

5. Hitimisho

Hatua chache zaweza kuchukuliwa bila gharama kubwa. Mkutubi aandike kila jina na miaka yake, ataje lililotangulia na lililofuata, kisha aweke kiungo katika kila kadi, akieleza ni miaka ipi inayopatikana. Avikague viungo hivyo kila muhula. Mwanafunzi alitaje jarida kwa jina lililo juu ya toleo alilolisoma, hata kama tovuti inasema vingine. Nao wahariri wa majarida ya Kanisa wasibadili jina pasipo sababu ya kutosha. Wakilibadili, walichape jina la zamani pamoja na jipya kwa muda, na kuomba namba mpya. Africa Theological Journal, lililoanzishwa Makumira mwaka 1968, ni mfano wa kukumbukwa: chuo chenyewe kilibadilika kutoka chuo cha theolojia hadi chuo kikuu, lakini jarida lilibaki na jina lake.

Waliochapisha chini ya jina la Tanganyika waliandika kwa watu wa wakati wao, na kwa jina hilo walijulikana. Kuwaachia jina hilo katika katalogi zetu ni sehemu ya kusema kweli juu yao.