Mauti na kuzimu (itikadi za Mombasa)

Mauti na kuzimu katika itikadi za Mombasa ni imani kuhusu nani anayetwaa roho, roho huenda wapi, na walio hai wana mkono gani katika safari hiyo. Zinashikwa na Waswahili wa Mji wa Kale, na kwa namna nyingine na majirani zao Wamijikenda. Makala hii inazitazama zaidi kutoka Kibokoni, mtaa wa vichochoro ulio nyuma ya Ndia Kuu, kwa kuwa humo mafundisho ya msikitini na desturi za nyumbani huishi ukuta kwa ukuta, na msiba ukiingia zote mbili huitwa.

Kwanza ifahamike kwamba Waswahili hawana mungu wa mauti. Mataifa mengi yaliwahi kuwa naye. Wabaltiki wa kale, kabla ya Ukristo, walikuwa na kundi zima: Walithuania walimwogopa Giltinė, mwanamke aliyesemekana kukusanya sumu makaburini kwa ulimi wake, na Velnias, bwana wa wafu na mlinzi wa mifugo, Walatvia walimtaja Veļu māte, mama wa roho za marehemu, Waprusi walikuwa na Pikuolis, anayetokea kwa jina la Patollo katika maandishi ya mtawa Simon Grunau wa karne ya 16. Karibu zaidi na kwetu, Waganda wana Walumbe, mwana wa Ggulu, aliyemfuata duniani dada yake Nambi na mumewe Kintu. Walumbe aliomba apewe mtoto wa kumsaidia kazi za jikoni, Kintu akakataa, na watoto wakaanza kufa. Ndugu wa Walumbe na Nambi, Kayiikuuzi, alitumwa amrudishe mbinguni, lakini Walumbe akapenya ardhini mahali paitwapo Ttanda, katika wilaya ya Mityana, ambako mashimo yake bado yanaonyeshwa. Mungu wa namna hii ana kinyongo, ana ukoo, na anaweza kukosewa. Anayetwaa roho Mombasa hana hata kimoja katika hivyo.

Izraili

Mtwaa roho ni malaika. Kurani inamtaja kwa kazi yake tu, malaika wa mauti, katika sura ya Sajda aya ya 11. Jina Izraili limekuja kwa mapokezi ya wanazuoni na wasimulizi. Yeye ni mtumwa anayetekeleza amri, hana ibada, hana sadaka ya kumtuliza, na hakuna anayemwomba. Hata visa vinavyomhusu vinasisitiza utii wake. Kimoja husema kwamba Mungu alipotaka udongo wa kumuumba Adamu, ardhi iliwalilia malaika waliotangulia kutumwa wakaihurumia na kurudi mikono mitupu. Izraili peke yake ndiye aliyeuchukua, na kwa sababu hiyo akakabidhiwa roho za wanadamu. Kingine, kilichopokewa na Bukhari na Muslim, ni cha Nabii Musa kumpiga malaika huyo kofi akamtoa jicho. Malaika hakulipiza, alirudi kwa Mola wake kushtaki, akarudishiwa jicho na kutumwa tena. Watu wazima husimulia pia habari ya mti ulio chini ya Arshi, wenye jani kwa kila aliye hai: jani likianguka, siku za mwenyewe zimekwisha. Wengi huifungamanisha habari hiyo na usiku wa nusu ya Shaabani.

Ndiyo maana mtu akifiwa Kibokoni haulizwi ni nani aliyekasirika. Huambiwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Naona hapo ndipo penye tofauti kubwa kuliko zote na dini za miungu ya mauti: malaika asiyejadiliwa humwondolea mfiwa mzigo wa kujiuliza alikosea wapi, na nguvu zake zote huhamia kwenye jambo moja analoweza kulifanya, nalo ni kumtayarisha marehemu.

Kaburini

Matayarisho hayo yana utaratibu unaojulikana na kila nyumba. Maiti huoshwa kwa maji yaliyotiwa majani ya mkunazi, kisha hutiwa karafuumaiti, na huvikwa sanda ya nguo tatu akiwa mwanamume, tano akiwa mwanamke. Jeneza hubebwa mabegani na wanaume wakipokezana, kila mpita njia akitia bega hatua chache apate thawabu, mpaka makaburini, kwa mfano Kikowani. Wanawake hubaki nyumbani.

Kaburi lenyewe linastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndilo hasa kuzimu ya Waswahili. Shimo likishafika kina chake, huchimbwa uwazi wa ubavuni uitwao mwanandani, upande wa kibla. Makka na Mombasa ziko karibu katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini, kwa hiyo kibla cha hapa ni kaskazini, na makaburi ya kisiwani hulala mashariki-magharibi: marehemu hulazwa kwa ubavu wa kulia, kichwa mashariki, uso ukielekea ukuta wa mwanandani. Shavu lake hugusishwa mchanga. Kisha uwazi huzibwa kwa mbao, yaani kiunza, ili udongo unaofukiwa usimwangukie. Kila aliyehudhuria hutupa magao matatu ya mchanga. Mwalimu huketi upande wa kichwani akasoma talakini, akimwita marehemu kwa jina lake na la mama yake, na kumkumbusha majibu.

Majibu hayo ni ya Munkari na Nakiri. Waliozika wakigeuka kuondoka, marehemu husikia vishindo vya viatu vyao, ndipo malaika hao wawili wanapomkalisha na kumuuliza Mola wake ni nani, dini yake ni ipi, Mtume wake ni nani. Anayejibu hupanuliwa kaburi. Anayebabaika hubanwa nalo. Hapo huanza barzakhi, muda wa kungoja hadi Kiyama. Moto wenyewe uko mbele zaidi, ukiwa chini ya ulinzi wa malaika Maliki na mazabania kumi na tisa, nao pia ni watumishi. Mshairi aliyeuchora kwa nguvu kuliko wote kwa Kiswahili ni Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, katika Al-Inkishafi: baada ya kuuonyesha moyo wake magofu ya majumba ya Pate na wenyewe waliolala makaburini, anaufikisha kwenye mioto ya akhera akiitaja kwa majina. Ulimwengu wa Kizungu uliupata utenzi huo mwaka 1915, kwa kazi ya W. E. Taylor, mmisionari aliyejifunza ushairi wa Mombasa kwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah.

Mizimu, pepo na mnara wa Mbaraki

Chini ya tabaka hili kuna la kale zaidi, linalofanana na la Wabantu wengine: wafu hawako mbali, wako chini, na penye pango, mbuyu mkubwa au magofu hukaa nguvu inayoweza kudhuru au kusaidia. Uislamu haukulifuta. Uliishusha cheo mizimu na pepo, ukawaingiza katika jamii ya majini, viumbe walioumbwa na Mungu kama wengine. Jambo la aina hiyo lilimpata Velnias. Lithuania ilipobatizwa mwaka 1387, bwana wa wafu hakutoweka. Polepole akageuka shetani wa hadithi za vijijini.

Ushahidi wa mawe wa mvutano huu uko kisiwani humu humu, Mbaraki. Pale pana msikiti mdogo wa karne ya 15 na, kando yake, mnara mnene wa matumbawe wenye uwazi ndani, unaopata mita 8 hivi. Msikiti uliachwa, na magofu yake yakawa mahali pa kumwomba pepo mmoja. Mnara unahusishwa na pepo huyo, kama makao yake. Watu walikwenda na ubani na marashi, wakaacha nadhiri zao. Leo msikiti umekarabatiwa na unasaliwa, na mnara umesimama vilevile pembeni. Sijui mahali pengine Mombasa panapoonyesha waziwazi namna hii kwamba imani mpya na ya zamani hazikufuatana kama zamu, bali zilipishana mlangoni mara kadhaa.

Koma za majirani

Kwa Wamijikenda, wanaopatikana kuanzia ng'ambo tu ya kisiwa, hesabu ni tofauti. Mulungu yupo juu na mbali. Wanaoshughulika na maisha ya kila siku ni koma, roho za wahenga. Koma huja ndotoni, hulalamika kuwa na njaa, baridi au kusahauliwa, na hutulizwa kwa unga na tembo la mnazi. Mwanachama wa chama cha Gohu akifa, huchongewa kigango, nguzo ya mti mgumu yenye kichwa na kiwiliwili kilichojaa nakshi za pembetatu, na roho yake hupewa makao humo. Kigango hakipaswi kung'olewa hata kaya ikihama.

Tangu biashara ya sanaa ilipovigundua, vigango vingi vimeibwa na kuuzwa ng'ambo, na wenyewe walieleza ukame na maradhi yaliyofuata kuwa ni hasira ya waliong'olewa. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudishwa kutoka Marekani mwaka 2007, na mwaka 2019 jumba la makumbusho la Denver lilirejesha 30. Huu ni wizi wa makaburi, na unapaswa kuitwa hivyo.

Mjadala wa sasa

Kibokoni ya leo haibishani juu ya Izraili. Ubishi uko juu ya kinachomfaa marehemu baada ya kuzikwa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), mwanzilishi wa gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya, alizikemea bid'a na israfu zilizokuwa zikiwafilisi watu. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyeshika ukadhi mkuu kuanzia 1968, aliendeleza hoja hiyo. Kwa wafuasi wa mwelekeo huu, talakini haina msingi, na karamu za hitima na arobaini humtwika mfiwa gharama wakati ambapo, kwa agizo la Mtume kuhusu watu wa nyumba ya Jaafar, majirani ndio wanaopaswa kumpikia. Wanaoshika desturi hujibu kwamba wanazuoni wa Kishafi wameikubali talakini, na kwamba Kurani inayosomwa kwa jamaa na sahani ya wali inayotolewa sadaka humfikia marehemu. Ndugu wa tumbo moja huweza kugawanyika katika hilo. Kinachowaunganisha ni eda: mjane wa pande zote mbili, kizuka kama aitwavyo, hukaa miezi 4 na siku 10.