Kosa Lililonizidi Umri

Juzi chama kimoja cha akiba kiliniomba orodha ya wanachama wenye salio chini ya shilingi 500, wapigiwe simu kabla ya mkutano wa Jumamosi. Hifadhidata yao ni ya Microsoft Access. Kazi ya dakika tano, nikajiambia. Lakini kuna wanachama ambao hawajaweka hata senti moja. Nafasi ya salio lao ni tupu, na ukichuja kwa "chini ya 500", walio tupu huachwa nje. Basi nikaandika:

Salio: Nz([Salio],0)

Yaani penye pengo pawekwe sifuri. Programu ikagoma! Eti Salio linajirejelea lenyewe, mduara mtupu. Nikanuna, nikachemsha chai, kisha nikakumbuka masomo ya chuo.

Kosa hili lina historia ndefu. Mwaka 1962 Arthur Kahn alichapisha njia ya kupanga kazi zinazotegemeana: anza na ile isiyosubiri nyingine, iondoe, kisha shika iliyofunguka. Zikibaki kazi zinazosubiriana zenyewe kwa zenyewe, ujue kuna mduara. Mwaka 1969 Rene Pardo na Remy Landau walibuni LANPAR, lahajedwali iliyojitafutia yenyewe mpangilio wa kupiga hesabu.

VisiCalc ya Dan Bricklin na Bob Frankston, iliyotoka 1979 kwa tarakilishi ya Apple II, haikufanya hivyo. Ilipiga hesabu mstari kwa mstari, au safu kwa safu. Fomula iliyotegemea seli ya mbele ilichukua thamani ya zamani, hadi ubonyeze alama ya mshangao hesabu irudiwe. Namba ya uongo ilikaa kwenye skrini, imenyamaza kama ya kweli.

Lotus 1-2-3 ilipokuja 1983 ilipanga hesabu yenyewe, na ikikuta mduara iliandika CIRC chini ya skrini. Access, iliyotoka 1992, haionyi tu. Inakataa kuendelea.

Sasa dawa. Jina jipya likifanana na jina la safu, Access hudhani Salio la ndani ya mabano ndilo hilo jipya. Kwa hivyo badilisha jina:

SalioSafi: Nz([Salio],0)

au taja jedwali lenyewe:

Salio: Nz([Wanachama].[Salio],0)

Kisha weka kichujio <500 kwenye safu hiyo hiyo.

Orodha ikatoka, na wale wasio na kitu wakiwemo. Hao ndio mweka hazina aliowahitaji zaidi. Kama programu ingekisia tu na kunyamaza, ningepeleka karatasi yenye mapengo, na hakuna ambaye angegundua hadi Jumamosi.

Kwa hivyo ndugu yangu, ukikutana na kosa la mduara usilitukane. Heri programu inayogoma kuliko inayokudanganya.