Anwani ya Mashine Isiyo na Kadi

Neno anwani, ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu kwa maana ya kichwa cha maandishi na pia ya mahali apatikanapo mtu, limepata kazi nyingine katika kompyuta, ambako anwani ya MAC ni namba ya biti 48 inayoandikwa kiwandani ndani ya kadi ya mtandao, baiti 3 za mwanzo zikitolewa na taasisi ya IEEE ili kumtambulisha mtengenezaji. Kwa hakika ni jina zaidi kuliko mahali, kwani haibadiliki kifaa kikihamishwa. Mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine, haina kadi halisi, hivyo programu inayoiendesha ndiyo huipa anwani: ile ya programu ya Xen huanza na 00:16:3E, na ya QEMU kwa kawaida na 52:54:00, ambamo tarakimu ya pili, yaani 2, huonyesha kwamba namba imetungwa na wenye mtandao. Mashine inaponakiliwa pamoja na anwani yake, swichi, yaani kifaa kinachoziunganisha mashine za mtandao mmoja, huiona namba moja kwenye milango miwili, na mawasiliano ya mashine zote mbili huanza kukatikakatika. Anayenakili na aipe nakala anwani mpya kabla ya kuiwasha.