Bei ya kosa kwenye drafti ya NFL

Wadau, leo naomba tuwaache kidogo Simba na Yanga, tuvuke bahari. Nataka kuzungumzia mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, na hasa wale vijana wanaotoka vyuo vikuu kwenda kucheza kwa pesa huku wakiwa na kesi polisi au mahakamani. Habari hizi nimezifuatilia tangu nikiwa chuo, na kadiri ninavyozisoma ndivyo ninavyozidi kuamini jambo moja: ligi yao haimhukumu kijana mwenye kesi. Inampunguzia bei tu, kama shati la mtumba lenye doa pale Karume.

Kwa wale wasiofuatilia: chuo kikuu kule ndicho kinachomlea mchezaji wa NFL. Kijana anacheza chuoni, halafu kila mwaka klabu zinakaa kuchagua kwa zamu, iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ikitangulia. Hiyo ndiyo drafti (siyo ile ya vizibo vya soda kijiweni). Hasheem Thabeet wetu alipita mlango kama huo upande wa kikapu, alipochaguliwa wa 2 na Memphis Grizzlies mwaka 2009 akitokea Chuo Kikuu cha Connecticut. NFL wana raundi 7, na anayechaguliwa mapema ndiye anayelipwa vizuri. Kushuka nafasi 10 au 20 ni kupoteza pesa ambayo mtu wa kawaida haioni maisha yake yote.

Sasa twende Nebraska, mwaka 1995. Chuo Kikuu cha Nebraska kilikuwa bingwa wa taifa mwaka uliotangulia, na mkimbiaji wao mkuu, yule anayekabidhiwa mpira apenye nao katikati ya watu, alikuwa Lawrence Phillips. Kijana wa California, aliyelelewa zaidi kwenye nyumba za vijana wasio na wazazi wa kuwasimamia kuliko nyumbani. Septemba 9 walicheza ugenini na Michigan State, Phillips akakimbia yadi 206 na kufunga mara 4. Watu walianza kusema huyu ndiye mchezaji bora wa mwaka, hakuna mjadala.

Usiku huohuo, kuamkia Septemba 10, alipanda hadi ghorofa ya 3 ya jengo alimokuwa mpenzi wake wa zamani, mwanafunzi mwenzake aliyekuwa akicheza kikapu chuoni hapo. Alimburuza ngazini na kumpiga. Phillips akakamatwa, na baadaye mahakamani hakupinga mashtaka ya shambulio na kuingia mahali bila ruhusa, yote yakihesabiwa makosa madogo. Akapewa kifungo cha nje cha mwaka 1.

Kocha wake alikuwa Tom Osborne, mtu aliyeheshimika Nebraska kama mzee wa kanisa (baadaye walimchagua kuwa mbunge huko Washington). Kwanza alisema amemtimua. Halafu akabadili: akamsimamisha mechi 6, kisha akamrudisha. Hoja yake ilikuwa kwamba mpira ndio nguzo pekee kwenye maisha ya kijana yule, ukiiondoa anaanguka moja kwa moja. Mimi sidhani Osborne alikuwa akidanganya. Lakini hoja hiyo ingekuwa na uzito zaidi kama kijana mwenyewe angekuwa mchezaji wa akiba. Januari 2, 1996 Nebraska walicheza na Florida kwenye Fiesta Bowl, wakashinda 62 kwa 24, na Phillips peke yake akakimbia yadi 165. Bingwa tena. Yule binti naye alikuwa bado mwanafunzi chuoni hapohapo.

Miezi mitatu na ushee baadaye ikaja drafti. Na hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu kwa mtu anayetaka kuelewa, kwa sababu timu hiyo moja ilikuwa na wachezaji wawili wenye rekodi mbaya, na soko likawapa bei mbili tofauti.

Phillips alichaguliwa wa 6 na St. Louis Rams. Nambari 6! Tena Rams walimwamini kiasi kwamba wakati huohuo walimpeleka mkimbiaji wao Jerome Bettis kwa Pittsburgh Steelers. (Wa 8 mwaka ule alikuwa mkimbiaji mwingine, Tim Biakabutuka wa Michigan, mzaliwa wa Kinshasa. Hakuwa na kesi yoyote, na bado alichaguliwa nyuma ya Phillips.)

Mwenzake alikuwa Christian Peter, mchezaji wa safu ya ulinzi, ambaye naye alikuwa na hukumu inayohusu kumdhalilisha mwanamke kingono. New England Patriots walimchukua raundi ya 5. Malalamiko yakawa makubwa, na inajulikana kwamba Myra Kraft, mke wa mmiliki wa klabu, alikasirika sana. Siku chache baadaye klabu ikaachia haki zake, jambo lisilo la kawaida kabisa. Mwaka mzima hakucheza, mpaka New York Giants walipomsajili mwaka 1997.

Wengine walimsifu Kraft kwa msimamo, na ni haki yake. Lakini angalia hesabu: kumtupa mchezaji wa raundi ya 5 ni hasara ndogo. Najiuliza kama wangefanya hivyo kwa mtu wa nafasi ya 6. Rams hawakufanya. Walisubiri mpaka Novemba 1997, baada ya Phillips kukamatwa akiendesha gari amelewa, kukaa jela siku 23 kwa kuvunja masharti ya kifungo chake cha nje, na (hili ndilo lililowauma) kukimbia yadi chache kuliko walivyotarajia. Miami Dolphins wakamchukua, wakamwacha alipohusika na kumshambulia mwanamke mwingine kwenye klabu ya usiku. Akaenda Barcelona kucheza ligi ya Ulaya, akang'ara, San Francisco 49ers wakampa nafasi mwaka 1999. Huko alishindwa kumzuia mpinzani mmoja kwenye mechi na Arizona, nahodha Steve Young akagongwa kichwa, na hakucheza tena maishani. Baada ya hapo NFL haikumtaka tena Phillips. Jumla yake kwenye ligi ni yadi 1,453. Bettis, yule waliyemwondoa kumpisha, alimaliza na 13,662.

Ungefikiri klabu zingejifunza kuogopa. Zilijifunza kweli, kwa miaka 2.

Mwaka 1998 aliyeogopwa ni Randy Moss. Kijana huyu wa West Virginia, akiwa bado sekondari mwaka 1995, aliingia kwenye ugomvi uliokuwa na harufu ya ubaguzi wa rangi, mwanafunzi mmoja akalazwa hospitali. Moss akakiri makosa madogo mawili ya kupiga. Notre Dame wakafuta nafasi yake. Florida State wakampokea, kisha wakamfukuza baada ya kukutwa ametumia bangi akiwa anatumikia adhabu. Akaishia Marshall, chuo kidogo karibu na kwao, na huko akawa hashikiki. Kila skauti alijua huyu ni mtu wa nafasi 5 za juu. Akachaguliwa wa 21. Dallas Cowboys, ambao Moss aliwapenda tangu utotoni, walimpita kwenye nafasi ya 8, kwa sababu nyumba yao ilikuwa imechafuka tayari: nyota wao Michael Irvin alikuwa chini ya uangalizi wa mahakama tangu 1996 kwa kesi ya kokeini. Cincinnati Bengals walimpita mara 2.

Minnesota Vikings wakaokota. Msimu wa kwanza Moss alidaka mipira 17 ya kufunga, rekodi kwa mgeni. Sikukuu ya Shukrani mwaka huo alikwenda Dallas, akadaka mara 3 tu, na zote 3 zikawa za kufunga. Mwaka 2018 akaingia kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo.

Kwa maoni yangu Moss ndiye aliyebadilisha soko kuliko Phillips. Phillips alimfundisha meneja kwamba mwenye kesi anaweza kukutia hasara. Moss alimfundisha kwamba mwenye kesi akishuka vya kutosha anakuwa mali ya bei poa. Halafu mwaka 2011 ligi na chama cha wachezaji wakakubaliana kwamba mshahara wa mgeni upangwe kulingana na namba aliyochaguliwa. Tangu hapo hesabu imekuwa rahisi kabisa: unachukua raundi ya 5, unalipa kidogo, akileta balaa unamtema na hakuna atakayeulizwa.

Na kama mtu anadhani punguzo hilo linafuata ukubwa wa kosa, amtazame La'el Collins wa LSU, mwaka 2015. Siku chache kabla ya drafti, mwanamke aliyewahi kumfahamu aliuawa kwa risasi huko Baton Rouge. Polisi walitaka kuzungumza na Collins, na wakasema wazi kwamba si mtuhumiwa. Alikuwa akitegemewa raundi ya 1. Zikapita raundi zote 7, jina lake halikutajwa. Alipomaliza kuhojiwa na polisi akasaini na Dallas (ndiyo, walewale waliomkimbia Moss) kwa mshahara wa mtu asiyechaguliwa. Hakushtakiwa kwa chochote. Phillips na hukumu yake nambari 6, Collins bila hata shtaka hana namba kabisa. Kilichomponza ni kalenda, yaani habari ilitoka wiki ambayo hakuna aliyekuwa na muda wa kuichunguza.

Kalenda, na picha. Julai 2014 Joe Mixon, akiwa ndiyo kwanza anaanza Oklahoma, alimpiga ngumi mwanafunzi wa kike kwenye mgahawa mjini Norman, akamvunja mifupa ya uso. Alikubali adhabu bila kukiri kosa, chuo kikamsimamisha msimu mzima, akarudi akacheza miaka 2. Kila mtu alijua kilichotokea, kiliandikwa. Lakini video ilikuwa imefungiwa, na chama cha watangazaji wa Oklahoma kikaenda mahakamani kuidai. Desemba 2016 Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo ikaamua ni haki ya umma, na siku chache baadaye ikatolewa. Hapo ndipo kelele zilipoanza upya, kana kwamba ngumi ilipigwa wiki hiyo. NFL, waliokuwa wameungua na video ya Ray Rice mwaka 2014, hawakumwalika Mixon kwenye vipimo vya Indianapolis. Bengals wakamchukua raundi ya 2, nambari 48.

Kama mwandishi nawapongeza wale watangazaji. Ila inaniuma kidogo kwamba maandishi ya miaka 2 hayakufanya kazi iliyofanywa na sekunde chache za kamera. Mwaka 1995 pale ngazini Nebraska hapakuwa na kamera.

Phillips mwenyewe? Mwaka 2005 aliwagonga vijana kwa gari Los Angeles baada ya kugombana nao kwenye mechi ya mtaani. Hiyo, pamoja na kesi ya kumshambulia mwanamke mwingine aliyekuwa mpenzi wake, ikamletea zaidi ya miaka 30 jela. Agosti 2015, Bettis alipoingizwa Ukumbi wa Mashujaa, Phillips alikuwa gereza la Kern Valley, akituhumiwa kumuua mfungwa mwenzake. Alikutwa amekufa ndani ya seli yake Januari 13, 2016, siku moja baada ya hakimu kuamua kwamba ana kesi ya kujibu. Mamlaka zilisema amejiua. Alikuwa na miaka 40.

Aprili mwaka huohuo drafti ilifanyika Chicago. Tyreek Hill, aliyefukuzwa Oklahoma State na kukiri mahakamani kumpiga na kumkaba mpenzi wake mjamzito, alichukuliwa na Kansas City Chiefs raundi ya 5, nambari 165. Februari 2020 walitwaa ubingwa wa Super Bowl.